Siku Baba Alipolitia Ziwa Chumvi

Enzi zetu sisi tuliokulia Takoma Park, theluji ilikuwa haibishi hodi. Unaamka, unavuta pazia, magari yote yamegeuka vichuguu na mtaa mzima umenyamaza. Tulikimbilia televisheni, tukakaa sakafuni kungoja jina la wilaya yetu lipite kwenye kioo, na likipita kwamba shule zimefungwa, tulipiga kelele mpaka jirani wa chini agonge dari lake kwa mpini wa ufagio. Wanangu leo wanaarifiwa na simu tangu jana yake, wanajua hata saa ambayo chembe ya kwanza itaanguka, na bado wananiuliza kama kutoka nje ni lazima.

Viatu vya theluji hatukuwa navyo, wenzangu mnakumbuka. Mama zetu walitufunga mifuko ya supamaketi juu ya soksi, ndipo tukavaa raba zetu za shule, na tulipotembea tulichakarisha kama watu waliojificha kwenye majani makavu. Tuliteleza kilimani nyuma ya magorofa kwa maboksi ya ndizi. Tukirudi, soksi zilianikwa juu ya chuma cha kupashia nyumba joto, ukumbi ukanuka sufu iliyolowa, na kama Mama hakuwa kazini kulikuwa na chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Lakini Mama alikuwa akitunza wazee majumbani kwao, na mwisho wa wiki ndiyo siku zake ndefu. Baba alikuwa mhudumu wa magorofa tuliyokaa. Bomba likipasuka ni yeye, taa ikiungua ni yeye, na theluji ikianguka alitoka na gunia la chumvi, akazimwagia ngazi zote ili barafu iyeyuke watu wasivunjike viuno. Nilidhani hakuna mtu Marekani nzima anayeijua barafu kumshinda baba yangu. Na yeye, nadhani, alidhani hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi Bibi alipokuja kutoka Unguja. Alikuwa mama yake Baba, mwanamke mfupi mwenye macho makali, ambaye maisha yake yote alikuwa akishuka mwambani wakati wa bamvua, maji yakitoka, kuchokoa pweza. Wiki ya kwanza alituchosha kwa maswali. Kwa nini miti hii imekufa yote kwa pamoja na hakuna aliyekuja kuizika? Kwa nini mbwa amevalishwa koti na mwenye mbwa amevaa kaptula? Wiki ya pili maswali yakakatika. Akawa anakaa dirishani, na sahani yake inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Baba alimletea nguru, akamletea changu, akamletea mpaka pweza, wote wa kugandishwa. Bibi alimbonyeza kila mmoja kwa kidole, akasema, "Huyu amekufa mara mbili," akarudi dirishani.

Tiketi yake ilikuwa ya miezi mitatu, ila Baba alitaka abaki moja kwa moja. Mimi nilitaka zaidi ya Baba. Kabla ya Bibi kuja nilikuwa narudi shule na ufunguo shingoni, nafungua mlango wa nyumba tupu, nawasha televisheni ili kuwe na sauti ya mtu. Alipokuja Bibi, nikifungua mlango kulikuwa na wa kuniitikia hodi. Basi jioni moja nikamsikia Baba akimwambia Mama jikoni, "Akipata samaki mbichi atakula. Akila, atabaki." Nikaishika kauli hiyo kama ilivyo. Kilichotakiwa ni samaki tu.

Aliyetuonyesha samaki ni Anko Ochieng, rafiki yake Baba, aliyekuwa akiendesha basi dogo la hospitali. Alizaliwa Kisumu, akafikia Minnesota alipokuja Marekani, na huko alijifunza kuvua kwenye maziwa yaliyoganda. Alikuwa na leseni, keekee ndefu ya kutobolea barafu, na fimbo za kuvulia fupi kama mwiko. "Huku kwetu baridi ni ya uongo," alimwambia Baba, "lakini kule milimani, western Maryland, ziwa linashika kabisa. Twende Saturday, tumtafutie mama samaki fresh." Baba akasema sawa. Bibi, ambaye tulidhani hasikilizi, akageuka kutoka dirishani.

"Maji yameganda juu yao, nao wako hai?"

"Wako hai, Mama," alisema Anko Ochieng.

"Muongo. Nakuja kuwaona."

Hakuna aliyeweza kumzuia. Tukaendesha kwa saa tatu kuelekea magharibi, Bibi mbele na jaketi mbili juu ya baibui, mimi nyuma nimebanana na keekee. Tulipofika sikuona ziwa. Niliona uwanja mweupe usio na mwisho, vibanda vya kitambaa hapa na pale, na watu wadogo kama sisimizi wakitembea juu yake. Nikamuuliza Anko maji yako wapi. Akaniambia ndiyo hayo ninayoyatazama.

Theluji ilinifika magotini. Kutembea ndani yake kulikuwa na utaratibu wake, na Anko Ochieng alitufundisha tukiwa bado ufukweni. Watu wasikaribiane. Wa nyuma akanyage alipokanyaga wa mbele. Yeye na Baba walivaa viatu vipana kama nyungo ili wasizame, na Baba, ambaye hakuwa amevivaa maishani, alikikanyaga cha kulia kwa cha kushoto akaanguka mara tatu kabla hatujaenda popote. Vifaa viliwekwa kwenye sinia kubwa la plastiki la kutelezea, kamba ikafungwa kiunoni kwa Anko. Kwenye sinia la pili, lile la watoto, tulimkalisha Bibi na blanketi, akavutwa na Baba.

"Nimekuwa mzigo wa kuni," alisema Bibi, lakini shingo yake ilikuwa inazunguka huku na huku.

Anko alitangulia na mtaimbo. Kila hatua chache aliugonga kwenye barafu, akasikiliza, akasogea. Bibi akamtazama mara tano, sita, kisha akamwamuru Baba asimame, akashuka kwenye sinia.

"Anasikiliza," alisema. "Mwambani nasi twasikiliza. Nipeni kijiti changu."

Alipewa fimbo ya kusimikia hema, na kuanzia hapo bibi yangu alilivuka ziwa kwa miguu yake, anachokoa, anasimama, anauliza. Barafu imeanzia juu au chini? Samaki wanajua kama ni mchana? Ikilia hivi, tum, ni nene, na ikilia vipi ndiyo mbaya? Maswali yote aliyoyameza dirishani yalitoka siku hiyo, na Anko Ochieng aliyajibu moja moja, na asilolijua alisema halijui. Mimi nilikuwa nyuma yao nakanyaga nyayo zao, nikisikia chini yangu ziwa likinguruma kwa ndani kama tumbo lenye njaa. Anko akasema ni barafu inajinyoosha, nisiogope. Niliogopa, na sikutaka kurudi.

Tulipofika mahali pa kuvulia, Anko aligundua kasahau kitambaa cha hema kwenye gari, akarudi kukichukua. Hapo ndipo Baba alipofungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na mfuko mzima wa chumvi ya ngazi.

"Ya nini keekee?" alituambia. "Mimi hii ndiyo kazi yangu."

Akafagia theluji, akamimina chumvi yote mahali pamoja, akafuta mikono. Tungoje dakika tano. Tukangoja tano, tukangoja kumi na tano. Pakafanyika kidimbwi cha maji machafu, upana wa sinia la pilau, kina cha kidole. Baba akaona akisaidie kidogo, akaingia ndani akakikanyaga kwa viatu vyake vya kazi, maana vile vya nyungo alikuwa amevivua. Soli ya kulia ilikuwa imepasuka tangu mwaka uliotangulia.

"Mazee!" Anko Ochieng alipiga ukelele kutoka mbali. "Unafanya nini hapo?"

Bibi ndiye aliyejibu.

"Anakoleza mchuzi! Samaki tutawatia baadaye!"

Akacheka. Tangu afike Marekani sikuwahi kusikia kicheko chake, wala sikujua kwamba ni kikubwa namna ile, mwanamke mdogo vile. Alikaa chini kwenye theluji akashika mbavu. Baba naye akaanza, mimi nikaanza, na watu wa vibanda vya jirani wakatoa vichwa kututazama.

Anko Ochieng hakucheka. Alikuwa anatazama miguu ya Baba. "Imeingia maji? Kaa chini. Kaa chini sasa hivi." Akamkalisha kwenye sinia, akamvua viatu, akamvua soksi zilizolowa. Vidole vya Baba vilikuwa vimekuwa rangi ya majivu. Basi Anko akafungua koti lake, akainua sweta na shati, akaifutika miguu ya Baba tumboni mwake, kwenye ngozi, akafunga koti juu yake. Baba aliona haya akataka kuitoa. "Acha ujinga, ndugu yangu," alisema Anko, "vidole haviuzwi Costco." Wakakaa hivyo wamekabiliana kwa muda mrefu. Kisha akampa soksi zake za akiba na viatu vyake vya pili, na chumvi ambayo haikuyeyuka akaizoa yote mfukoni akisema samaki wa hapa hawaitaki. Bibi alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amesimama na fimbo yake, anamtazama Anko Ochieng.

Keekee ilitoboa shimo kwa dakika mbili. Bibi hakutaka fimbo ya kuvulia kwanza. Alilala kifudifudi juu ya blanketi, akajifunika kichwa na shimo kwa kanga yake, akachungulia ndani.

"Bibi, can I see?" niliuliza.

Mkono wake ukatoka ukanivuta ndani. Chini ya kanga kulikuwa na giza, na katikati ya giza duara la mwanga wa kijani. Macho yalipozoea niliona mpaka chini. Majani ya ziwa yalikuwa yamesimama wima, hayatikisiki. Samaki mmoja mwenye mistari alipita polepole, akageuka, akapita tena. Shavu la Bibi lilikuwa baridi kwenye shavu langu, na pumzi yake ilinuka karafuu.

"Kumbe wako macho," alininong'oneza.

Alivua saba siku ile, Baba hakuvua hata mmoja. Bibi aliwapara kwa kisu cha Anko, tukawakaanga pale pale juu ya jiko la gesi lililowekwa kwenye ubao, na Bibi alikula wanne, akaramba vidole, akachukua na wa kwangu kwa sababu nilikuwa sijui kutoa miiba. Nilimtazama akila nikahesabu kila tonge. Moyoni nilisema, tumeshinda. Anabaki.

Kwenye gari tukirudi, Anko Ochieng akiendesha, Bibi alimgeukia Baba aliyekaa nyuma nami.

"Mwanangu, tiketi yangu usiisogeze. Nitakwenda kwa siku yake."

Baba alisema, lakini Mama, leo umekula.

"Nimekula kwa sababu roho imetulia. Nilipofika hapa nikakuona unatoka kiza, unarudi kiza, na huyo jirani wa chini hata salamu hakupi. Nikawa siku zote nakaa pale dirishani nawaza, mwanangu huyu akianguka, nani atamvua viatu? Chakula hakipiti. Leo nimemwona wa kukuvua viatu." Akampiga Anko begani kidogo. "Sasa naweza kwenda zangu."

Anko Ochieng alitazama barabara mbele. Baba aligeukia dirisha lake. Nililia mpaka Takoma Park, na hakuna aliyeniuliza nalia nini, kwa kuwa wote walikuwa wanajua. Akaondoka kwa siku yake, mwezi wa tatu, theluji ikiwa imeshaisha. Nikarudia ufunguo wangu. Kwa miaka mingi nililichukia ziwa lile. Nilikuwa naona kwamba laiti tusingempeleka, angebaki dirishani, lakini angebaki.

Siku hizi nakaa Germantown, nyumba yenye ngazi ndani na watoto wawili wenye glavu za betri. Baridi nayo imekuwa ya kubahatisha. Kuna miaka hata kule milimani ziwa halifungi, na watoto wetu wataikumbuka theluji kama sisi tunavyokumbuka karata za Jumapili, watu wakija bila kualikwa, kitu kilichokuwa kinakuja chenyewe. Wana kila kifaa cha baridi, baridi ndiyo hawana. Sisi tulikuwa na mifuko ya supamaketi miguuni, na nikiulizwa nichague, nitachagua mifuko.

Baba yuko kwangu tangu Mama alipofariki. Anko Ochieng alirudi kwao Kisumu kupumzika, wanazungumza kwa simu kila Ijumaa, wanacheka sana kisha Baba anakaa dirishani mpaka magharibi. Anataka kwenda kuishi Unguja. Ameshasema mara nyingi, ila haendi, kila mwezi ana udhuru wake, na katikati ya udhuru ananitazama ninavyotoka kiza na kurudi kiza akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, hapa una nani?" Namwambia ninao watu, Baba. Ninao kweli. Wako watatu au wanne ambao wangeacha kila kitu wakaja, ila hajawahi kuwaona wakifanya hivyo, nami sijapata kuhitaji.

Mwaka huu ziwa limefunga. Mwanangu mkubwa kasikia kisa hiki kwa babu yake, na kila Ijumaa ananiuliza, "Mom, are we taking Babu to the ice or not?" Marafiki zangu wawili wameshasema watakuja, mmoja ana vifaa vyote. Namjibu barafu bado nyembamba, tungoje wiki ijayo. Baba anasikia, anaitikia kwa kichwa, anarudia chai yake.

Barafu ni nene. Ni nene tangu wiki ya pili ya Januari.