Mkaguzi, Maneno ya -ing na Mama Mkwe Dirishani

Jamani, hii ni aibu yangu, na kwa kuwa Joram anaisimulia kila mahali huku akiitia chumvi, bora mnisikie mwenyewe.

Miaka ya hamsini nilifundisha Kiingereza darasa la sita huko Nyarugusu, jirani na machimbo ya dhahabu. Siku hiyo alikuja mkaguzi, Mzungu asiyecheka, kunisikiliza, na asiporidhika darasa langu anapewa Joram, mwalimu mwenzangu. Asubuhi Joram akanisalimia kwa tabasamu (tangu lini?), kisha nikakuta meza yangu imesogezwa. Nikajua nimetegwa. Nikamwambia tubadilishane vyumba, akakubali upesi, nikazidi kumshuku.

Nilichosahau ni kwamba dirisha la Joram liko njiani, na mama mkwe wangu humwachia hapo maziwa yangu, maana kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, ukimwona, unajificha.

Nikaandika ubaoni: Digging is hard. The digging man is tired. Mkaguzi akauliza, "Hizo digging mbili zinatofautianaje?" Nilijua! (Wiki nzima nilikariri: ya kwanza ni jina la kazi yenyewe, kuchimba, ya pili inamweleza mtu, anayechimba.) Nafungua kinywa tu, sauti dirishani ikaamkia Kisukuma: "Mwangaluka, mwalimu Joram! Pokea maziwa ya mkwe wangu."

Sikufikiri hata kidogo, nikajitupa chini ya meza, wino ukanimwagikia, mama wa watu naye akaangusha kibuyu akatimka, na wanafunzi wote wakainamisha vichwa kwa heshima. Mkaguzi peke yake ndiye aliyesimama. "Nakuuliza swali, unajificha?"

Joram akaja mbio kunitetea. "Yule ni mkwewe, bwana. Ndiyo mila yetu."

"Na amefika palepale nilipouliza? Nani alimwita?"

Nikaapa sikumwita mtu. Nikatoka mvunguni nikitiririka wino, nikamweleza digging ya kwanza na ya pili, vizuri kabisa. Akamtazama Joram, akanitazama mimi. "Huyu amekunong'oneza sasa hivi."

Darasa la sita likaenda kwa Joram, mimi nikapewa nyimbo na bustani ya shule. Baadaye Joram akaniambia meza aliisogeza ili mkaguzi apate pa kukaa, na tabasamu lilikuwa la kunipa moyo. Nimeapa simshuku tena mtu kabla sijamuuliza, lakini linaloniuma hadi leo, jamani, ni kwamba jibu nilikuwa nalo.