Injini Iliyokataa Kuzimika

Nimehama miji mingi tangu hapo, na bado nikisikia mashine ya kusaga imepandisha mlio ghafla, natoka nje kwanza, nauliza baadaye.

Miaka ya sabini, baada ya kidato cha nne, nilipata kazi ya kutunza stoo ya vipuri pale Majengo, Mpanda. Kampuni yenyewe ilikuwa ya ng'ambo, watengenezaji wa injini za dizeli. Ilikuwa imekaa kwetu tangu kabla sijazaliwa, hata watu hawakusema wanakwenda mashineni. Walitaja jina la kampuni tu. Kila kiangazi fundi wao, Mzungu wa makamo, alizunguka vijijini kukagua injini. Mwaka ule nilifuatana naye hadi Mamba, ambako mjomba wangu ndiye aliyeendesha mashine ya kijiji.

Mjomba alikuwa ameiandaa injini tangu asubuhi kwa heshima ya mgeni. Iliwaka vizuri, akina mama wakaanza kumimina mahindi. Kisha mlio ukapanda. Ukapanda tena. Moshi wa bluu ukajaa chumbani. Mjomba akafunga dizeli, lakini injini ikazidi kukimbia.

"Nimeifunga!" alisema kwa nguvu. "Sasa inakula nini?"

"Oili yake," fundi akajibu, rangi imemtoka. "Umetia kiasi gani?"

"Nimeijaza mpaka ikamwagika."

Kwetu debe la nafaka la mgeni hujazwa likafanya kilima. Kulisawazisha juu ni kumwambia aondoke. Mjomba aliiona alama ya kipimo, ile ya kwenye kijiti cha kupimia oili, kuwa ni uchoyo.

Fundi alitusukuma wote nje. Alisema gurudumu la injini likipasuka litatoboa ukuta, na dawa ni moja tu, kuziba mahali injini inapovutia hewa. Hajamaliza, mjomba ameshanyakua gunia, amerudi ndani.

Mabati yalitetemeka. Fundi alinishika shati. Sikujua kama ananizuia au anajishikiza. Mke wa mjomba alikaa chini kwenye vumbi.

"Mwanaume huyu," alisema taratibu, "hata akimwona fahali hukimbia."

Mlio ukakoroma, ukakatika. Mjomba hakutoka.

"Baba watoto," mkewe akaita. "We baba watoto."

Moshi ulitangulia, kisha yeye, mweusi kwa oili, gunia limechanika mkononi. Hakuwa anasikia kitu. Fundi alimwonyesha alama kwenye kijiti: hapa, usipitishe. Mjomba akainama kuitazama.

"Miaka yote hii wako kwetu," akasema kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio, "kumbe wanashiba kwa kadogo hivi?"

Akina mama walicheka, wengine huku wakilia. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameushika mkono wa kulia wa mumewe, anamfuta oili kidole kimoja kimoja, anahakikisha vyote vipo. Kisha akaomba apewe na wa kushoto.