Sahani za Jumatatu

Maabarani walimwita Mpishi, naye hakukataa jina. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwapikia bakteria: kupima unga wa mwani, chumvi na sukari, kuchemsha kwenye mtungi wa mvuke, kisha kumimina uji ule kwenye visahani vya plastiki ugande. "Nyumbani nawapikia wanaolalamika," alizoea kusema, "huku nawapikia wasio na midomo." Siku hizi utani huo aliusema akiwa amekaa. Magoti yalimsumbua, na nyumbani mama yake mgonjwa alihitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache.

Bakteria wenyewe walikuwa wa ugonjwa wa madoa meusi ya nyanya. Wana familia ya vimeng'enya, ndugu watatu, ambao humega kipande cha sukari na kukiunga na kingine, na kingine tena, mpaka viwe ute mzito unaowafunika bakteria ndani ya jani. Kwenye kisahani chenye sukari, kila kundi lao huvimba likawa kilima kinachong'aa. Mwanafunzi wa uzamivu alikuwa amemaliza miaka mitatu akimng'oa ndugu mmoja kwenye jeni za bakteria, aone kama vilima vitaanguka.

Jumatano asubuhi vilianguka.

"Mama, njoo uone! Bapa kabisa, kama vimepigwa pasi!" mwanafunzi alimwita Mpishi.

"Hongera, mwanangu."

"Dokta akiviona saa nane, naandika sura ya mwisho. Halafu naolewa!"

"Mwenyewe bado yupo?"

"Anasubiri. Nadhani."

Mpishi alicheka, akainua kisahani kimoja kwenye mwanga wa dirisha, na kicheko kikamkauka. Kilikuwa na rangi ya chai hafifu. Sukari ya kawaida ikichemshwa na chakula kile haibadiliki sana; glukosi ndiyo huungua kidogo namna hiyo. Na glukosi vimeng'enya vile haviwezi kuimega, kwa hiyo ute hautokei. Makopo mawili meupe, rafu moja. Jumatatu alikuwa amepima huku anasinzia.

Bakteria mzazi, asiyeng'olewa kitu, alikuwa na vilima vyake pembeni. Lakini huyo alipandwa kwenye visahani vilivyobaki vya wiki iliyopita, kwa kuwa vipya havikutosha. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mpishi alikaa kidogo kwenye chumba cha mizani. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuficha jambo alikuona ni kazi nyingine ya kufanya.

"Mwanangu, visahani vyangu vibovu. Nimetia glukosi."

"Unanitania."

"Tazama rangi."

Mwanafunzi alitazama kimoja, akatazama kingine. "Lakini mzazi ana vilima."

"Mzazi yuko kwenye vya zamani."

Yule binti aliketi sakafuni na koti lake jeupe. "Si ungeninyamazia tu, mama!" Kisha akafuta uso. "Hapana. Sijasema hivyo. Usisikie."

"Nimeshasikia makubwa zaidi."

Saa nane walisimama wote wawili mbele ya Dokta, mkuu wa maabara, mtu wa maneno machache.

"Nani alipima?"

"Mimi," alisema Mpishi.

"Nani alipanda mzazi kwenye visahani tofauti?"

"Mimi," alisema mwanafunzi.

"Basi rudieni wote wawili."

Walirudia. Mwanafunzi alisoma lebo ya kopo kwa sauti, Mpishi akapima, kisha wakabadilishana wakapima tena. Safari hii mzazi na mwanawe aliyeng'olewa ndugu walipandwa siku moja, kwenye visahani vya sufuria moja.

Jumamosi maabara ilikuwa na wao wawili tu. Walifungua kabati la joto. Vilima vilikuwa vimejaa kila kisahani, vinene, vinang'aa, kwa mzazi na kwa mwanawe sawasawa. Ndugu wawili waliobaki walitosha kuendesha kazi yote.

Mwanafunzi hakulia. Alihesabu vilima vya kila kisahani, Mpishi akaandika kwenye daftari.

"Naanza na ndugu wa pili," alisema mwishowe.

"Miaka mitatu tena?"

"Njia nimeshaijua. Labda mmoja na nusu."

Mpishi alivuta kiti, akakaa taratibu. "Jumatatu unataka visahani vingapi?"

"Arobaini, mama. Na vya mzazi humo humo."

"Njoo mapema basi. Sipimi peke yangu."