Wimbo wa Mfalme, Ghorofa ya Pili

Wiki jana nilishuka basi Langley Park, huku ughaibuni, kutazama jengo nilikolelewa. Lipo bado, limepakwa rangi nyingine, na mbele yake wanajenga reli. Nimehamahama miji mingi, rafiki yangu, na shule niliiacha mapema. Elimu yangu niliipata pale, kwa jirani wa ghorofa ya pili.

Alikuwa mzee Mhabeshi mwenye Kiswahili cha Nairobi, alikokaa ukimbizini akisubiri viza ya kuja huku. Mama akienda kazini kutunza wagonjwa, mimi niliachwa kwake. Alikaanga kahawa mpaka kengele ya moshi ikalia, tukapunga mataulo huku tunacheka. Na kila siku alipiga mluzi wimbo uleule. Ulikuwa wimbo wao wa taifa enzi za ufalme, umetungiwa mfalme wao mkuu, aliniambia. Mtunzi alikuwa mwalimu Muarmenia, kiongozi wa bendi ya vijana yatima ambao mfalme aliwachukua kutoka Yerusalemu. Mzee mwenyewe aliupiga kwa tarumbeta ujanani, jeshini. Maneno yake hakuyaimba kamwe. Kumsifu mfalme, alisema, kumewagombanisha Wahabeshi vya kutosha.

Mimi niliupenda, nikautilia maneno yangu ya Yesu mchungaji na kondoo wake, nikawafundisha wenzangu wa shule ya Jumapili.

Kanisa letu la Wakenya lilitumia ukumbi mmoja na Wahabeshi: sisi asubuhi, wao mchana. Jumapili moja tulichelewa kumaliza, kama kawaida yetu, nao wakajaa mlangoni na shuka zao nyeupe wakisubiri. Sisi watoto tukaimba wimbo wetu wa mchungaji. Wazee wawili wakasimama wima kama askari. Mama mmoja akageuka akatoka. Jirani yangu, aliyekuwa kati yao, akainamisha kichwa.

Nyumbani mama aliniambia, "Panda juu ukamwombe mzee msamaha. Akikufukuza, shauri yako."

Nilipanda ngazi nikijua nimempoteza. Lakini alinimiminia kahawa, maziwa mengi, kama siku zote. Yule mama aliyetoka, alisema, kaka yake alifia gerezani enzi za mfalme. Mzee alikuwa amempigia simu, wakaongea, yakaisha.

Kisha akasogeza kiti. "Haya, kamama, nifundishe hayo maneno yenu. Hayo naweza kuimba."

Mzee alishafariki. Habari za mfalme na Muarmenia wake nimezisoma katika maktaba za miji yote niliyopita. Habari za wimbo wetu wa mchungaji hazimo popote. Ila juzi nilimtembelea mwenzangu mmoja wa shule ile ya Jumapili, nesi sasa huko Riverdale Park, nikamkuta anambembeleza mwanawe kwa wimbo uleule wa mfalme, kwa maneno yetu ya mchungaji, na mtoto amekwisha kusinzia.