Fungu Hili la Nani?

Mjukuu wangu alikuwa mtoto wa kung'ata. Alimng'ata mhudumu wa chanjo, akamng'ata kuku, akaning'ata hata mimi niliyemlea. Watu wa kwetu Sori walisema amerithi hasira zangu. Niliwaambia wakome, ingawa moyoni nilifurahi. Kwa hiyo siku aliyochomwa sindano kule hospitalini Migori akabaki kimya, macho yameelekea dari, nilijua mambo yameharibika. Mtoto anayeshindwa hata kulia ana pumzi gani iliyobaki?

Ilikuwa nimonia. Tulianza na dawa ya maji ya zahanati ya kwetu. Alimaliza chupa nzima, lakini kifua kikazidi kubonyea ndani kila alipovuta hewa. Migori wakasema vijidudu vyake ni sugu, vimeshaizoea ile dawa ya kawaida. Mama yake, yaani binti yangu, anakaa Homa Bay na alikuwa amejifungua mwingine juzi tu, akawa ananipigia simu huku analia. Basi karai langu la omena, wale dagaa ninaouza, nikamwachia jirani, nikahamia wodini.

Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya upole, ile sauti inayokufanya ushuku kuna jambo. Akanikalisha kwenye benchi. Akasema kuna dawa mbili za sindano kwa watoto kama huyu. Zote zinatumika, zote zinaponya, ila hakuna anayejua ni ipi inayoponya vizuri zaidi. Sasa walikuwa wanazilinganisha, pale na Homa Bay pia. Nikikubali, mtoto atapewa mojawapo, na anayechagua si daktari, ni kompyuta, kwa bahati tu. Nikikataa, atatibiwa kama kawaida.

Yawa! Nilisimama. "Bahati? Na mjukuu wangu? Wewe na kusoma kwako kote, hujui kuchagua dawa?"

Hakukasirika. "Nikichagua mimi, mama, yule aliyezidiwa nitampa ile ninayoiamini. Mwishowe hatutajua kama ni dawa ilifanya kazi, au ni mtoto alikuwa na nafuu tangu mwanzo."

Nikakaa tena. Jambo hilo nalijua. Kwetu Sori, wanawake tukinunua samaki kwa pamoja tunawagawa mafungu, kisha mmoja wetu anayapa mgongo na kuangalia ziwa. Mwingine anaweka mkono juu ya fungu anauliza, "Hili la nani?" Yule aliyegeuka anataja jina bila kujua kama fungu ni nono au ni la vidagaa vya kusikitisha. Hapo hakuna upendeleo wala wa kulaumiwa. Na fungu likishatajwa halibadilishwi, hata ugaegae mchangani.

"Kumbe hapa kompyuta ndiyo inaangalia ziwa," nikamwambia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikatia sahihi, na tangu hapo kila mama aliyeingia wodini akiwa na wasiwasi nilimhubiria habari ya mafungu, atake asitake.

Kwenye kitanda cha pili kutoka chetu alikuwa mama mmoja aliyetoka Ntimaru na binti yake mdogo. Yeye hajui Kijaluo, mimi sijui Kikuria, kwa hiyo tulitumia Kiswahili chetu cha sokoni na tukaelewana kuliko ndugu. Binti yake aliangukia dawa ile nyingine. Punde si punde alikuwa amekaa, anakunywa uji na kudai mandazi. Wangu alilala tu, mbavu zikipanda na kushuka. Nilimwonea yule mtoto wivu, sifichi. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wa mjukuu ni uleule, pamoja na magonjwa ya mgongo.

Mama wa Ntimaru akausoma uso wangu. "Nyanya," akasema kwa sauti ya chini, "tubadilishe watoto vitanda. Sista anaangalia kitanda tu. Wangu ashapona, wacha wako apate hii nzuri."

Machozi yalinitoka. Mwanamke huyu hatukuwa tumejuana hata wiki, na anataka kunipa dawa ya mtoto wake! Nilitamani, Mungu ananiona. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika shuka. Lakini vipi kama binti yake bado hajapona sawasawa? Na mtoto wa pale dirishani, si amepona kwa dawa hiihii ya kwetu?

"Hapana, mama," nikamwambia. "Fungu likishatajwa limetajwa." Kisha nikafanya kile ninachokijua vizuri. Nikapiga kelele. "Sista! Huyu mtoto hapati nafuu! Mnangoja nini, azikwe?"

Daktari akaja mbio, akasikiliza kile kifua kwa muda mrefu. "Tunambadilishia dawa leo," akasema.

"Si fungu halibadilishwi?"

"Hapa si Sori, mama. Mtoto kwanza, kulinganisha baadaye."

"Basi mmemtoa kwenye hesabu yenu."

"Hatujamtoa. Anabaki upande wa dawa ya kwanza. Tutaandika kwamba kwake ilishindwa."

Nikawaka. "Mjukuu wangu hajashindwa!"

"Ni dawa iliyoshindwa, mama. Yeye bado anapigana."

Wakaanza dawa mpya. Mimi nikakaa, nikasali, nikamgombeza kila aliyepita karibu na kitanda.

Asubuhi moja ile sindano ya mkononi ilikuwa imechomoka, sista akaja kuweka nyingine. Nilimshika mjukuu wangu mkono kama nilivyozoea, ule mkono uliolegea kama tambara. Safari hii mkono ukavutwa. Nikadhani nimeota. Sista akaukamata, akainama atafute mshipa, na mtoto akainua kichwa, akafungua kinywa na kung'ata glavu. Kisha akalia, tena kilio cha hasira, cha kutukana ukoo mzima.

Wodi ikapiga makofi. Mama wa Ntimaru akapiga vigelegele. Sista wa watu alikuwa anavuta kidole chake. "Nyanya, mtulize basi!"

"Nimtulize?" Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. "Thubutu! Mwache alie, asikike mpaka Sori."