Kazi Isiyodai Tunda: Majira ya Baridi Stockholm

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya meno ya watoto. Kaskazini mwa nchi yetu kuna visima vyenye floridi nyingi, madini yanayoyafanya meno kuwa ya kahawia na, yakizidi sana, hupinda mifupa. Ofisi ya maji iliyoniajiri nilipomaliza chuo kikuu ilitaka mtu wa kwenda Sweden kujifunza kuyapima. Nikachaguliwa mimi. Nilifurahi hadi jioni, kisha nikaanza kujiuliza kama hawakunichanganya na mtu mwingine. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja, na nikifanya vizuri ningepewa mwaka wa pili wa kuchukua shahada ya juu. Ndani ya ndege niliuwaza huo wa pili, wa kwanza ukiwa haujaanza.

Rågsved, Novemba 1973. Nilipewa chumba ghorofa ya sita, kusini mwa jiji, mwisho wa reli. Jua lilikuwa linazama saa tisa alasiri. Kila asubuhi nilifika stesheni, nikarudi kuhakikisha nimezima jiko, kisha nikafika maabara nimechelewa, nikitunga maneno ya kuomba radhi. Msimamizi wangu, Bi Ingrid, hakuwahi kuniuliza lolote. Kimya chake nilikifasiri kwa njia nyingi, zote mbaya.

Wiki ya tatu nilitumwa uwanja wa ndege kuchukua sanduku la sampuli za maji kutoka nyumbani. Nilikuwa stesheni kuu nikisubiri treni ya Märsta, mji ulio karibu na uwanja huo, nikijisemea kwa sauti ndogo: nimefunga mlango, sijafunga, nimefunga. Nyuma yangu mtu akajibu kwa Kiswahili: "Kama hukufunga, mwizi ameshaingia. Panda treni, kijana."

Aliyesema ni Mhindi mfupi mwenye kofia ya sufu. Jina lake Jayanti. Alikuwa na kiwanda cha mbao Jinja hadi mwaka uliotangulia, Wahindi walipofukuzwa Uganda, na sasa alikuwa anasafisha sakafu uwanja wa ndege. Alinisimulia hayo bila huzuni, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Tulipofika alinionyesha ofisi ya mizigo, akaniambia Jumapili nije kula kwake, mkewe amechoka kusikia Kiswahili cha mtu mmoja tu.

Märsta, Jumapili. Nilimkuta Mzee Jayanti nje ya jengo lao akiwa na koleo la theluji. Kabla ya kuanza aliugusa mpini kwa mkono wa kulia, kisha akagusa paji la uso. Nilimuuliza kama wanamlipa. Akasema hapana, kazi ya kulipwa anaifanya siku nyingine. Nami nikachukua koleo jingine. Tukasafisha njia kutoka mlangoni hadi barabarani, na tulipofika mwisho theluji ikaanza kuanguka upya. Nikashauri tungoje ikome.

"Muuguzi wa ghorofa ya tatu anatoka saa nane," akasema.

Nikamwambia kufikia jioni njia itakuwa imefunikwa yote.

"Yeye atapita saa nane."

Tukarudia. Alipomaliza alinong'ona maneno machache kwa lugha yao, akaingia ndani bila kugeuka. Mimi niligeuka mara tatu kutazama kama njia imenyooka.

Wakati wa chakula nilimuuliza maana ya yale maneno. Akanieleza kwamba katika dini yao ziko njia nyingi za kumfikia Mungu. Wengine hupita kwa elimu, wengine kwa ibada, na wengine kwa kazi. Anayepita kwa kazi hufanya lililo wajibu wake kwa moyo wote, akamkabidhi Mungu kazi ile pamoja na matokeo yake. Haki yake ni kutenda. Tunda si lake. Mkewe, Mama Kusum, akiweka chapati mezani, akaniambia nisidanganyike: "Mzee hataki tunda la kazi, lakini chai ikichelewa dakika tano anasikika mpaka Uppsala." Mzee akacheka, akasema ndiyo maana bado anajifunza. Akaongeza kwamba siku akiukumbuka msumeno wake wa Jinja anafunga mlango na kukasirika kama mtoto.

Niliendelea kwenda kila Jumapili. Njiani nilikuwa nalibishia fundisho lile. Nilijiambia asiyejali matokeo atafanya kazi ovyo. Kisha naikumbuka ile njia, haikuwa na hata donge moja la theluji, naishiwa hoja.

Mwishoni mwa Februari, maabara. Zilibaki siku nne niwasilishe ripoti yangu. Nikiwa napitia mwongozo kwa mara ya tano, nikaona sentensi niliyoiruka mara nne: maji ya kupimwa floridi yatunzwe kwenye plastiki, kwani kioo hunyonya sehemu ya madini hayo. Sampuli zilikuja katika chupa za plastiki zilizochakaa. Mimi, kwa kuogopa kuonekana mchafu, nilizihamishia zote katika chupa za kioo zinazong'aa. Zilikuwa zimekaa humo wiki nane kabla sijazipima. Visima vitatu nilivyoviandika kuwa salama huenda havikuwa salama. Hakuna aliyeniona nikihamisha maji, na chupa za zamani zilikuwa zimetupwa.

Jumapili ile nilimweleza Mzee yote. Hakujua lolote kuhusu floridi. Aliniuliza maji hayo anakunywa nani. Nikamwambia. Akauliza nikisema itakuwaje. Nikamwambia ripoti itakufa, na mwaka wa pili utakufa nayo.

"Kusema ni juu yako," akasema. "Kukurudisha nyumbani ni juu yao. Unabeba mizigo miwili, kijana, na mmoja si wako."

Nikamwambia ni rahisi kwake kusema. Akakubali kwamba kwake ni rahisi, akanisogezea bakuli la dengu.

Jumatatu nilifika maabara bila kurudi kuangalia jiko. Nilimweleza Bi Ingrid kabla sijavua koti. Alivua miwani, akauliza kama nimebakiza maji yoyote kwenye plastiki. Nikasema hapana. Akaishika ripoti yangu, akapiga mstari juu ya kurasa sita, akasema "Tack," yaani ahsante. Kisha akaniagiza niandike nyumbani watume shehena mpya ya maji. Wiki tatu baadaye barua ilikuja: mwaka wa pili amepewa mwingine.

Nilirudi nyumbani Novemba, mwaka ulipotimia. Mzee alinisindikiza mpaka uwanjani akiwa na sare ya kazi, akaniacha foleni kwa sababu zamu yake ilikuwa imeanza. Sikupewa cheo. Maji ya shehena mpya nilikuwa nimeyapima mimi mwenyewe, na kati ya visima vile vitatu, kimoja kilikutwa kibaya. Ofisi ikanituma kukifunga.

Njiani, ndani ya Landrova, nilitunga majibu. Moja la kuwajibu wanakijiji wakinishukuru, jingine wakinilaumu, la tatu la kueleza habari ya chupa na kuomba radhi kwa miezi waliyokunywa. Nilipofika kisimani nilimkuta mama mmoja na ndoo mbili tupu. Nikaanza na lile la tatu. Alinisikiliza mpaka kati.

"Hayo utayamaliza baadaye, mwanangu," akasema. "Sasa tuteke wapi?"

Nikamuuliza kama kuna maji mengine karibu. Alisema ng'ambo ya kilima kuna chemchemi ambayo haijawahi kupimwa. Nikachukua vifaa, tukaenda kuipima.