Muhuri wa Pasta

Mume wangu aliponivunja mkono, nilimwendea pasta wetu pale Makutano anishauri. Alifumba macho, akasema Mungu amemwambia nirudi nyumbani, nivumilie, sitaguswa tena. Nikamwambia sawa, basi niandikie hayo kwenye karatasi ya kanisa, utie sahihi na muhuri, ili nikiguswa tena nijue nitampeleka nani kortini. Muhuri ulikuwa hapo mezani, ametoka tu kuugonga kwenye barua za harambee ya paa. Macho yalifunguka haraka.

“Mama, mambo ya Mungu hayaandikwi,” akasema, kiganja chake kikiwa juu ya Biblia.

Nikabeba mkoba kwa mkono mzima, nikaenda kwa dada yangu kule Embu. Sijarudi.